Usirudi Kazini kwa Kuogopa Macho ya Watu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mke wa mtu, nina miaka 38, na ninaishi Langoni, Lamu. Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, yaani mfuko wa chakula, katika hospitali moja ya Mombasa kwa sababu ya uzito na kisukari, na sasa wiki ya pili inakwisha. Daktari aliniandikia mapumziko ya wiki nne, lakini kazini nilisema kwamba nimetolewa kidole tumbo na nikaomba wiki mbili tu. Kazi yangu ni ya kukaa, kwani ninaweka hesabu za stoo katika hoteli moja ya Shela. Nataka kurudi Jumatatu, lakini mume wangu amekataa. Mavyaa naye amehamia kwetu, ananipimia supu kama mtoto na ananikataza hata kushuka ngazi. Nikipanda ngazi napata kizunguzungu kidogo, ila najikaza na sijamwambia mtu. Naamini wanataka niache kazi nikae ndani. Mume wangu aliuza hisa yake katika mashua ili kulipia upasuaji, na sasa anaona ana haki ya kuniamulia kila jambo. Nifanye nini wanielewe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa upasuaji, na Mungu akuponye upesi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umewashtaki watu wawili ambao, kwa ushahidi ulioutoa wewe mwenyewe, sikuwaona na kosa. Mwanamume aliyeuza hisa yake ya mashua ili mkewe apate nafuu ya kisukari hawezi kuhukumiwa kwamba ana nia mbaya kwa sababu tu amemwomba mke huyo atimize wiki nne alizoandikiwa na daktari. Sharti analolishikilia ni la daktari wako, nawe ulilikubali ulipoondoka hospitalini.

Kisha unasema kazi yako ni ya kukaa. Mwanangu, mimi ni mtu wa pwani hii na ninajua mizigo inavyofika Shela: magunia ya mchele, madumu ya mafuta na katoni za maji huja kwa mashua, hushushwa ufukweni, na mwenye hesabu za stoo ndiye anayesimama juani kuhesabu, kuinama kukagua, na kuinua pale kibarua anapochelewa. Kabla ya hayo yote utakuwa umepanda na kushuka boti, au umetembea kama kilomita tatu kando ya bahari. Anayefanya kazi ya mezani hasa huruhusiwa kurudi baada ya wiki mbili hadi nne, kulingana na hali yake. Kunyanyua vitu vizito huzuiwa kwa wiki nne hadi sita.

Matundu madogo uliyobaki nayo tumboni yasikudanganye. Upasuaji huu hufanywa kwa kamera, hivyo ngozi hupona haraka na mtu hujiona mzima. Ndani mambo ni mengine. Ikiwa ulifanyiwa ule wa kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kubakisha mfereji mwembamba, basi takriban robo tatu ya mfuko huo au zaidi imekwisha kuondolewa, na mshono mrefu umeachwa ufunge taratibu. Wewe uliyeolewa na mtu wa mashua unajua kwamba tanga lililoshonwa jana halipandishwi leo katika upepo wa kusi.

Sasa nikuambie nilichokisoma katikati ya mistari yako. Huna haraka ya kazi; una haraka ya kuonekana kazini kabla watu hawajaanza kuhesabu siku na kuuliza ni kidole tumbo gani hiki kinachomlaza mtu mwezi mzima. Mji wetu ni mdogo na vichochoro vyake vina masikio, hilo silikatai. Lakini wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua, na katika jambo lako maneno hayo yana maana ya moja kwa moja: ukianguka stoo Jumatatu, wenzako watamwambia daktari kwamba umetolewa kidole tumbo juzi, naye ataanza kutafuta ugonjwa usiokuwapo huku wa kweli ukiendelea. Hulazimiki kuwatangazia watu wa hoteli uzito wako wala kisukari chako. Mwombe daktari akuandikie kwamba umefanyiwa upasuaji wa tumbo na kwamba hufai kwa kazi hadi tarehe aliyoitaja. Huo ni ukweli mtupu, na siri yako inabaki kwako.

Linalonisikitisha zaidi ni hili. Ndoa nyingi za siku hizi zimejaa watu wanaojua kwa ufasaha haki zao mbele ya mume au mke, ilhali mbele ya mwajiri wanainamisha kichwa na kuomba kidogo kuliko walichostahili. Mume akisema pumzika, huitwa dhalimu; msimamizi akinung'unika kwamba kazi imelala, hutiiwa hata na mgonjwa mwenye nyuzi tumboni. Zamani mke akiugua, nyumba nzima ilisimama kwa ajili yake na hakuna aliyeiita hali hiyo kifungo. Leo msaada wa jamaa tunautilia shaka, na shinikizo la mgeni tunalipokea kama ustaarabu. Nyumba haiwezi kusimama kwa mizani ya namna hiyo.

Haki yako ya kazini ni hii. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, mradi alete cheti cha daktari na amjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo. Hicho ni kiwango cha chini, kwa hiyo soma mkataba wako, huenda umekupa zaidi. Sheria hiyo hiyo inakupa likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi baada ya miezi 12 ya utumishi. Ikiwa wiki mbili ulizoomba zimemaliza siku za ugonjwa, omba wiki mbili zilizobaki zitolewe katika likizo ya mwaka. Tena, kuchukua likizo unayostahili si sababu halali ya kufukuzwa kazi. Najua nusu mshahara inauma katika nyumba ambayo imeuza hisa ya mashua, na hapo peke yake ndipo hoja yako ina uzito. Lakini kurudi Mombasa kwa upasuaji wa pili kutawagharimu mara nyingi zaidi.

Kuhusu mavyaa, mimi niko upande wake. Unalalamika kwamba anakupimia supu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa: katika wiki hizi za mwanzo chakula huwa cha majimaji, kisha kilichosagwa laini, kisha laini, na cha kawaida hurudi polepole ndani ya wiki sita hadi nane. Chakula cha kujaza kikombe kidogo cha kahawa kinatosha kwa mlo mmoja. Maji unywe kidogo kidogo mchana kutwa, si pamoja na chakula, hadi ufikie kama lita moja na nusu. Jambo moja tu mwombe kwa adabu: asitie sukari wala tende katika uji, na wageni wakileta mahamri awapokelee kwa shukrani na ayaweke mbali nawe. Vidonge vya vitamini na madini ulivyoandikiwa navyo usiviache, maana vingine utavimeza maisha yako yote.

Mumeo naye simwachi bila neno. Hisa aliyoiuza ilinunua matibabu, haikununua uamuzi juu ya kazi yako. Siku daktari atakapokuruhusu, naye akaendelea kukuzuia, niandikie tena, na jibu langu siku hiyo litakuwa kali kwake.

Nimekiacha kizunguzungu mwisho kwa sababu ndicho kilichonitia hofu, nawe umekitaja kwa sentensi moja na kumficha aliyelala ubavuni mwako. Huenda mwili umekosa maji. Huenda ikawa unameza dawa za kisukari kwa kipimo kile kile cha kabla ya upasuaji, ilhali sukari hushuka haraka baada yake na dawa huhitaji kupunguzwa. Ikiwa kizunguzungu hicho kinaambatana na homa, moyo kwenda mbio, maumivu ya tumbo yanayozidi, maumivu ya bega la kushoto, kutapika kusikokoma, kukosa pumzi au uvimbe wa mguu mmoja, ni dharura, usingoje hata saa moja. Na kama ni kizunguzungu pekee, vilevile usikilaze. Mwambie mumeo leo hii, mpigie simu daktari wako wa Mombasa umtajie kila dawa unayomeza na kipimo chake, kisha mwende wawili hospitali ya King Fahd wakupime sukari, presha na mapigo ya moyo.