Jibu: Lupita na Maz Kanata, ni kikaragosi au uigizaji?

Dada, umeuliza kama Lupita Nyong'o alikuwa anachezesha kikaragosi alipokuwa Maz Kanata, mhusika aliyechorwa kwa kompyuta, kwenye filamu ya Star Wars ya 2015. Mimi nasema hapana, na si kwa sababu sisi wa Kisumu tunamhesabu wa kwetu.

Mchezesha kikaragosi hukaa nje ya mwili anaouendesha. Chukua The XYZ Show, kile kipindi cha Kenya cha vikaragosi vya kuwakejeli wanasiasa: mkono uko ndani ya kichwa cha mpira, vidole vinafungua na kufunga mdomo, mwenyewe kajificha kamera isimwone. Hata akinuna huko chini, kikaragosi hakinuni. Lupita alitiwa alama usoni, kamera zikamfuata. Akikunja nyusi, Maz naye anakunja. Huo ni uigizaji, japo mafundi wa kompyuta hurekebisha mengi baadaye na sifa hawapewi. Hilo huniudhi sana.

Ugumu uko kwa Waldo C. Graphic, mhusika wa kipindi cha TV cha Jim Henson, yule muundaji wa vikaragosi vya Muppets, 1989. Alikuwa picha ya kompyuta tupu, lakini mchezeshaji alitia mkono kwenye kifaa na kumwendesha papo hapo. Huyo kwangu ni kikaragosi kabisa, hata kama hana kitambaa wala uzi.