Re: Paka wa mtaani hatoki chini ya kitanda

Habari ndugu. Umesema paka uliyemwokota anajificha chini ya kitanda mchana kutwa, anakula usiku tu. Kwanza angalia kama kweli anakula na kukojoa. Akipitisha saa 24 bila kula chochote, mpeleke kwa daktari wa mifugo, maana njaa huharibu ini la paka haraka.

Kama anakula, tafadhali usimvute atoke. Mpe chumba kimoja kwanza, boksi la kujifichia, na beseni la mchanga la kujisaidia, mbali na chakula. Wangu nilikuwa nakaa sakafuni namsomea kwa sauti ya chini bila kumkodolea macho, kwani paka huona hilo ni tishio. Akikutazama, fumba macho polepole. Kumgusa, subiri aje kukunusa mwenyewe.