Maswali na Majibu: Makorongo, Mathenge na Maboma ya Kale

Wazee wanasema makorongo yetu yaliletwa na mvua, vijana wanalaumu ng'ombe. Nani mkweli? (Msomaji, Nyakach)

Wote, ila wamesahau udongo wenyewe. Mahali pengi katika uwanda wa Nyando tabaka la chini lina sodiamu nyingi, na udongo wa namna hiyo ukilowa haushikani. Jipimie mwenyewe: toa donge kavu kwenye ukuta wa korongo, litie polepole kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Ukirudi baada ya saa chache ukute maji yamekuwa kama maziwa, basi shamba lako linaliwa kutoka ndani. Maji huingia kwenye ufa, yakachimba njia chini kwa chini, halafu juu panaporomoka. Mara nyingi mlango hufunguliwa na njia ya ng'ombe iliyokwisha nyasi, au kalavati inayomwaga maji ya barabara shambani. Inaniuma kuona watu wakijaza mawe na takataka korongoni huku maji ya juu hayajaguswa. Anzeni juu ya kichwa cha korongo: yagawanyeni maji yasije kwa mkondo mmoja, wekeni ua, mifugo isiingie mpaka nyasi zishike. Wala msichimbe mtaro ukafika lile tabaka la chini.

Je, ni kweli Ziwa Nakuru liliwahi kuwa kubwa kuliko lilivyo leo? (Msomaji, Nakuru)

Kweli kabisa. Yapata miaka 10,000 iliyopita Nakuru na Elmenteita zilikuwa ziwa moja, na maji yalifika Hyrax Hill, kilima kilicho kando ya mji wa Nakuru.

Kwa nini nyasi hustawi palipokuwa na zizi? (Msomaji, Njoro)

Samadi. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulipima maboma ya wafugaji wa kale huko Narok, mengine ya miaka zaidi ya 3,000, ukakuta udongo wake bado una rutuba kuliko wa pembeni. Wanyamapori nao hufuata nyasi hizo, wakaongeza mbolea. Kwa hiyo anayesema mfugaji huharibu ardhi tu, hajaiangalia vizuri.

Nikikata mathenge, unachipuka tena. Nifanyeje? (Msomaji, Mogotio)

Mti huu wa miiba, ambao wataalamu huuita Prosopis, ulipandwa Baringo miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni. Mbuzi wakala maganda, wakasambaza mbegu kwa kinyesi. Fukua shina, ukate mizizi chini ya usawa wa ardhi, kisha panda nyasi papo hapo. Maganda yasagwe kabla ya kulisha mifugo, mbegu zife.