Shangazi, namtafuta "mimi" na sasa naogopa

*Shangazi shikamoo. Nina miaka 23, natoka Tanga, nasoma uhandisi Chennai, India. Rafiki alinipeleka Tiruvannamalai, mji ulio chini ya mlima Arunachala, kwenye ashramu (makao ya kiroho) ya Ramana Maharshi, yule mwalimu wa kiroho wa Kihindu, nikaambiwa nikae kimya nijiulize "mimi ni nani?" Mwenzangu mmoja akasema akili ndiyo adui. Tangu hapo kila wazo likija napigana nalo, na akili yangu haitulii kabisa. Nataka niache chuo nihamie kule mlimani. Mama analia kwenye simu. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu.

Huyo mwenzako amekupa nusu ya somo, tena nusu inayoumiza. Katha Upanishad, andiko la kale la Kihindu, inaufananisha mwili na gari la farasi. Farasi ni milango ya fahamu, akili ni hatamu, busara ndiye mwendeshaji, na mwenye gari ni atman, yaani wewe halisi. Sasa nani hukata hatamu farasi wakiwa mbioni?

Umeniandikia "akili yangu haitulii". Umejuaje? Ukiiona inahangaika, basi yupo anayeiona, na huyo hahangaiki nayo. Hapo ndipo Vedanta, falsafa inayotokana na Upanishad, inapotaka utazame. Hata usiku unapolala fofofo, bila ndoto, mawazo yote yamezimika, na wala hukuogopa. Asubuhi unasema, "nimelala vizuri, sikujua lolote." Anayetoa habari hiyo ni nani, kama ulikuwa hupo? Kaa na swali hilo, mwanangu. Mimi limenishika miaka mingi na bado nalipenda.

Ramana alifundisha kwamba akili ni fungu la mawazo, na mzizi wake ni wazo la "mimi". Kwa hiyo wazo likikujia usilipige. Uliza: limemjia nani? Utajibu, mimi. Uliza tena: huyo mimi anatoka wapi? Usikimbilie kutunga jibu la maneno. Macho yako ya ndani yageuke tu, yaache wazo, yamwelekee mwenye wazo. Likija jingine, rudia, taratibu. Nusu saa asubuhi inakutosha kwa sasa.

Chuo usiache. Najua utaniambia Ramana mwenyewe alitoroka nyumbani Madurai mwaka 1896, akiwa na miaka 16, akakaa Arunachala hadi alipofariki mwaka 1950. Ni kweli. Lakini watu walipomwendea wakitaka kuacha kazi na familia, aliwaambia akili watakwenda nayo huko huko. Leo unajiita mwanafunzi, kesho utajiita mtawa, na yule "mimi" atakuwa yule yule, amebadili nguo tu. Na mama yake alipomfuata, aliishi naye tangu 1916, akamuuguza mpaka alipofariki mwaka 1922.

Jambo moja silifanyii mzaha. Kama usingizi umekatika, chakula hakipiti, au unajiona kama haupo, simamisha zoezi hilo leo hii na umwone daktari. Ukipata nafuu ndipo urudi kwenye swali lako.

Jioni mpigie mama. Usimweleze Upanishad. Mwambie umekula nini, mtumie picha ya ule mlima, umwambie mitihani inaanza lini. Analia kwa sababu hajui uko wapi.