Nilijidhania nimepona mara tatu

Mimi nauza viungo Marikiti, hapa Mombasa. Choo kiko mbali na meza yangu, basi nilikuwa na tabia mbaya: sinywi maji ili nisibanwe, na nikibanwa navumilia mpaka nyumbani. Na jua la kaskazi lile! Haikuchukua muda mkojo ukawa unatoka kwa matone, unachoma kama pilipili ninayouza.

Nikaenda duka la dawa, nikaeleza kwa kunong'ona, nikapewa vidonge vya siku tano. Siku ya pili moto ukapoa. Vilivyobaki nikavitia kabatini, eti akiba. Mwezi haukwisha, ukarudi. Mara ya tatu khaloo akanijia juu: "Mwanangu, dawa wazinunua kama pipi? Enda ukapimwe!"

Maabara wakauotesha mkojo wangu. Siku mbili baadaye mpimaji akanionyesha kisahani kilichoota bakteria kama utando, na juu yake vipande vya karatasi vidogo kama vifungo vya shati, kila kimoja na dawa yake. Kuzunguka vingine pamebaki duara safi, yaani dawa hiyo imewashinda. Kuzunguka dawa yangu ya kila siku, wameota mpaka ukingoni. Nilishikwa na haya, kweli.

Nikamuuliza, mkojo wapita kila siku, mbona hauwasombi? Akasema hawa ni E. coli, kwao ni matumboni mwetu wenyewe (nami nilikuwa nalaumu vyoo vya watu), na kwa mwanamke njia ya mkojo ni sentimita 4 tu hivi, safari fupi. Wana vinywele vyenye ncha inayoshika sukari iliyo juu ya ukuta wa kibofu. Mkojo ukivuta, ncha hubana zaidi. Mtoto wa mvuvi haelezwi mara mbili: ni ndoana, samaki akivuta ndivyo inavyozama.

Kisha huingia ndani ya seli za ukuta huo, wakazaana humo kwa kujificha. Wengine hurefuka kama uzi, askari wa mwili wakashindwa kuwameza. Hata madini ya chuma wanayoyahitaji ili wakue, ambayo mkojoni ni haba, wana kemikali za kuyanyakua. Na baadhi yao hutulia tuli ndani ya seli, hata wiki nyingi, ndipo wakaamka. Kumbe mimi nilikuwa nahesabu kupona kwa maumivu.

Kwa hiyo shoga yangu, ukirudiwa, usikubali vidonge vya kubahatisha. Omba mkojo uoteshwe kabla hujameza chochote. Kichupa usikijaze na mkojo wa kwanza. Uache upite kidogo, ukinge wa katikati. Dozi uliyoandikiwa uimalize hata kama huhisi kitu. Ukiwa na mimba, au ukiona homa, kutetemeka na maumivu ya ubavuni, usingoje asubuhi: hao huenda wameshapanda kwenye figo.

Ile akiba ya kabatini niliirudisha duka la dawa. Chupa ya maji sasa iko mezani, kando ya iliki, na choo nakwenda, wateja wangoje.