Neva ya mguuni kupandikizwa kidoleni: jibu kwa aliyeuliza kuhusu mdogo wake

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako akubali neva (mshipa wa fahamu) itolewe mguuni ipandikizwe kwenye kidole cha shahada, miezi mitano tangu msumeno wa meza umkate na upande wa gumba ubaki na ganzi. Mimi ni fundi seremala, niko Mafinga, na kidole hicho hicho kilifanyiwa hivyo hivyo. Ningemwambia akubali, ila aelewe kwanza anachokubali.

Kisu kikikata neva, ncha mbili huwa safi, na mgonjwa akiwahi hushonwa zikaungana. Msumeno unatafuna kipande kizima. Miezi ikipita, ncha iliyobaki huota kinundu, kile kinachomrusha mtu akiguswa hapo kidogo tu. Daktari akishakiondoa pamoja na kovu, pengo linaweza kufika sentimita mbili au zaidi. Ukizivuta ncha kwa nguvu zikutane, damu inabanwa, kovu linajaa na neva haipiti. Hanno Millesi, daktari mpasuaji wa Vienna, aliisimamia sana hoja hiyo miaka ya 1960 na 1970: afadhali kipandikizi kilicholegea kuliko mshono uliovutwa.

Kipande cha mguuni hakiji na hisia zake. Nyuzi zake za ndani hufa. Hubaki vijibomba na seli za Schwann, yaani seli zinazozifunika na kuzitunza nyuzi za neva, na nyuzi za mdogo wako mwenyewe ndizo zitakazotambaa humo kutoka kiganjani, kwa mwendo wa kama milimita 1 kwa siku, baada ya wiki kadhaa za mwanzo. Chukua rula upime toka shina la kidole hadi ncha: ni sentimita 7 au 8. Asitegemee kitu nchani kabla ya miezi mitatu au minne kupita tangu upasuaji. Daktari wangu alikuwa akigonga taratibu juu ya njia ya neva, na pale shoti iliporukia kuelekea nchani anaweka alama ya kalamu: hapo ndipo nyuzi zimefika. Kila kliniki niliitazama alama ile kwanza.

Hisia zenyewe hurudi kwa vurugu. Mimi nilianza na maumivu, moto na baridi, ukafuata mguso unaotembea, na mguso uliotulia ukaja mwisho. Nyuzi nyingine huingia njia zisizo zake, kwa hiyo ukigusa ncha, ubongo unasema pembeni. Ubongo lazima ufundishwe upya, kila siku, na hapo ndipo watu wengi wanakata tamaa mapema. Nilitumia vitu vya karakana: msasa namba 60 na namba 120, kwanza nikiangalia, kisha nimefumba macho. Baadaye skrubu na vifungo vilivyozikwa kwenye bakuli la mchele, nikivitafuta kwa kidole hicho tu. Bila mazoezi haya sidhani kama ningekuwa na kidole cha kufanyia kazi.

Leo naokota skrubu bila kuangalia. Hakijawa kama cha mkono wa pili, na baridi ya mwezi wa saba bado inakiuma hadi nivae glavu. Ukingo wa nje wa mguu niliotolewa neva una ganzi, lakini neva ile haiendeshi msuli, natembea vizuri. Kama pengo ni dogo, mwulizeni daktari kuhusu tawi la neva lililo nyuma ya kifundo cha mkono, karibu na kiganja: hilo haliachi ganzi kwenye ngozi.

Miezi mitano si kuchelewa. Msuli uliokaa mwaka mmoja na nusu bila neva ni vigumu kuamka, ila hisia huvumilia zaidi. Hata hivyo msisubiri bure, na kama anavuta sigara aache sasa. Mpaka hisia zirudi, asishike sufuria wala kikombe cha chai ya moto kwa kidole hicho, kitaungua asijue. Na kabla ya kusaini fomu, amwulize daktari ni nani atakayemsimamia mazoezi baada ya gango kutolewa.