Volti imepanda, lakini ufa haujasogea

Swali: Nafanya jaribio la kupinda bomba la chuma cha kaboni lenye ufa wa mzingo uliotoboa ukuta wote. Napitisha mkondo mnyoofu wa umeme na kusoma volti kati ya kingo mbili za ufa. Kwa hesabu ya volti, ufa umekua milimita 12 kila ncha. Nilipolivunja bomba na kupima kwenye uso wa ufa nikakuta 6. Mwenzangu ananishauri nizidishe matokeo yote kwa 0.5 ili yalingane. Inakubalika?

Jibu: Hapana, usizidishe. Nakutana na kizidishi hicho kwenye ripoti kila mara, na aliyekiweka huwa hajajiuliza zile milimita 6 za ziada zimetoka wapi.

Fomula yenyewe huenda haina kosa. Wengi hukimbilia kuilaumu fomula ya Johnson, ile inayogeuza uwiano wa volti ya sasa na volti ya kuanzia kuwa urefu wa ufa, kwa kuwa ni ya bamba bapa. Lakini kwa hesabu za umeme, bomba lenye ukuta mwembamba ukilikunjua ni bamba vilevile. Weka mzingo wa bomba mahali pa upana wa bamba, ingiza mkondo mbali na ufa, umbali wa vipenyo kadhaa, ili uwe umesambaa sawasawa kabla ya kuufikia, na fomula itafanya kazi. Nashuku volti yako ya kuanzia. Inaelekea umegawa kila usomaji kwa volti uliyoipata kabla ya kuweka mzigo.

Hapo ndipo watu wanapopotea. Volti haipimi ufa. Inapima ukinzani wa chuma kilicho kati ya nyaya zako mbili, na ukinzani huo huongezeka ufa ukiwa bado umetulia palepale. Nyuso za ufa zilizokuwa zimegusana huachana, na umeme uliokuwa ukikatiza hapo hukosa njia. Ncha ya ufa hupoteza ukali na kutanuka. Chuma kilicho mbele yake huvutika na kuwa chembamba. Katika bomba la chuma kisicho kigumu sana, eneo linalovutika hivyo ni pana, kwa hiyo volti hupanda sana kabla ya ufa kuanza safari.

Chora grafu ya volti dhidi ya upana wa mdomo wa ufa. Mwanzoni utaona mstari ulionyooka, kisha mahali unapoanza kuinuka kuliko ulivyokuwa. Hapo ndipo ufa ulipoanza kukua, na volti ya hapo ndiyo ya kugawia. Kama ulihifadhi volti ghafi, rudia hesabu. Huhitaji bomba jingine. Angalia pia jozi ya nyaya za kulinganishia zilizo mbali na ufa, maana joto likibadilika kidogo tu, ukinzani wa chuma nao hubadilika.

Sasa tazama kizidishi kinafanya nini. Tuseme milimita 6 za uongo zote zilijitokeza kabla ufa haujaanza. Ukizidisha kwa 0.5, ufa utaonekana umekua milimita 3 wakati haujasogea, na zile 6 za kweli zitahesabiwa kuwa 3. Jumla inatoka 6, na ripoti inapita. Lakini kwenye grafu ya J (kipimo cha msukumo unaoukuza ufa) dhidi ya ukuaji wa ufa, mteremko baada ya ufa kuanza umekuwa maradufu ya ule wa kweli. Bomba linaonekana gumu kuchanika kuliko lilivyo. Thamani ya J ya pale ufa unapoanza kukua nayo imeharibika, kwa sababu ASTM E1820, kiwango cha Marekani cha majaribio haya, huisoma pale grafu inapokatana na mstari uliosogezwa milimita 0.2 tu za ukuaji, na wewe umeweka 3 za kubuni.

Ndiyo maana sina subira na vifaa vinavyouzwa kwa ahadi kwamba milimita za ufa zitasomeka moja kwa moja kwenye skrini. Kifaa hakijui ufa wako ulianza lini. Wala kamera ya nje si jibu: mara nyingi ufa hutangulia katikati ya unene wa ukuta, na uso wa nje ukabaki nyuma. Wapo pia wasiovunja bomba kabisa baada ya jaribio, eti volti inatosha. Chuma cha kaboni kipashwe joto ili uso mpya wa ufa ubadilike rangi, kipozwe kwa naitrojeni kimiminika, kisha kivunjwe. Ukuaji upimwe sehemu kadhaa za unene, na kwa ncha zote mbili, kwani hazikui sawa. Usifanye wastani wa ncha mbili kabla hujaziona zote.

Grafu ya J huishia kwa mhandisi anayeamua kama bomba lililo kazini litavuja kwanza na kugunduliwa, au litapasuka ghafla. Yeye hatakuwa na volti zako ghafi, wala hatajua kwamba kuna mtu alizidisha kwa 0.5. Ambatanisha volti hizo na ripoti, pamoja na alama ya mahali ulipoona ufa umeanza na picha ya uso uliovunjika.